Govi la mtoto lisivutwe kwa nguvu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wazazi wengi hulisema kwa kunong'ona, na ambalo kwa sababu hiyo hiyo limewaachia watoto wengi makovu pasipo ulazima. Nalo ni kubana kwa govi, hali ambayo madaktari huiita fimosisi. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya katika kliniki za watoto na katika wodi za upasuaji. Kuhusu watoto wa kiume, swali nililoulizwa mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: govi lake halirudi nyuma, je, ni mgonjwa? Na ushauri uliokuwa umeshawafikia wazazi kabla hawajafika kwangu, kutoka kwa jirani, kwa ndugu na wakati mwingine hata kwa mhudumu wa afya, ulikuwa karibu daima ule ule: livute kidogo kidogo kila siku unapomwogesha, litazoea. Ushauri huo si sahihi, unaumiza, na ndio ulionisukuma kuandika.

Niseme mapema kwamba barua hii haizihusu familia zinazowatahiri watoto wao kwa sababu za dini, za mila au za kinga ya maradhi. Hilo lina mjadala wake na wenye kuujadili wapo. Ninayemzungumzia mimi ni mtoto au mtu mzima ambaye hajatahiriwa, ambaye govi lake halirudi nyuma, na ambaye yeye au wazazi wake wanatakiwa kuamua kipi kifanyike na kipi kisifanyike.

Mtoto wa kiume anapozaliwa, ngozi ya ndani ya govi huwa imeshikamana na kichwa cha uume, kama kucha ilivyoshikamana na nyama iliyo chini yake. Huo si ugonjwa wala kasoro. Ndivyo kiungo hicho kinavyoumbika tumboni mwa mama, govi na kichwa vikiwa bado havijatengana. Baada ya kuzaliwa, utengano huanza wenyewe, polepole, bila kumwuliza mtu ruhusa. Seli za kati hufa na kujikusanya, uume husimama wenyewe mara kwa mara usingizini, mtoto hujigusa na kujivuta kama watoto wote wafanyavyo, na mwaka hadi mwaka ngozi huachana na kichwa. Mdomo wa govi nao, ambao kwa mtoto mchanga huwa mwembamba sana, hulainika na kupanuka, hasa homoni za balehe zinapoanza kufanya kazi yake. Kwa mtoto mmoja safari hiyo huisha akiwa na miaka 2, kwa mwingine huisha akiwa na miaka 14, na wote wawili ni wazima.

Kwa nini basi hata watu waliosomea tiba huwa na haraka? Nadhani sababu moja ni ya kihistoria. Mwaka 1949 daktari wa watoto wa Uingereza, Douglas Gairdner, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake akieleza kwamba ni watoto wachanga 4 tu katika kila 100 ambao govi lao liliweza kurudishwa nyuma kikamilifu. Hapo aliisaidia dunia sana, kwa sababu alionyesha kwamba kubana kwa govi kwa mtoto mchanga ni hali ya kawaida. Lakini aliandika pia kwamba watoto wakifikia miaka 3, wapatao 90 katika kila 100 govi lao huwa linarudi, na kadirio hilo la pili lilikuwa la juu mno. Waliolisoma na kulifundisha walipokutana na mtoto wa miaka 4 au 5 ambaye govi lake bado halijafunguka, walimhesabu kuwa amechelewa na anahitaji kusaidiwa. Mwaka 1968 Jakob Øster wa Denmark alitoa picha iliyo karibu zaidi na hali halisi, baada ya kuwachunguza wavulana wa shule kwa miaka kadhaa mfululizo. Katika umri wa miaka 6 hadi 7, wavulana 63 katika kila 100 walikuwa bado na sehemu ambazo govi limeshikamana na kichwa, na 8 katika kila 100 walikuwa na govi lililobana. Katika umri wa miaka 16 hadi 17, wenye kushikamana walikuwa wamebaki 3 katika kila 100, na wenye kubana 1. Wavulana hao hawakupona kwa dawa wala kwa kisu. Walikua tu.

Mzazi akizielewa takwimu hizo, ataelewa pia ni kwa nini mkono wa mtu mzima unaovuta govi la mtoto mdogo unaleta madhara. Pale ambapo ngozi bado imeshikamana na kichwa, kuivuta ni kuichana. Mtoto hulia, damu kidogo hutoka, na kesho yake hukataa kukojoa kwa sababu mkojo unachoma kwenye kidonda. Nyuso mbili zilizochanika zinaweza kushikana tena wakati zinapopona, na safari hii zikashikana kwa kovu. Mdomo wa govi nao, ukipasuka mara kwa mara, hupona kwa nyama ngumu isiyotanuka. Kwa njia hiyo mtoto ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, ambaye angefunguka mwenyewe kwa wakati wake, hupata ile fimosisi ya kweli ambayo wazazi wake walikuwa wakijaribu kuizuia. Jambo hili hunisikitisha kuliko yote katika mada hii, kwa sababu wanaolifanya ni watu wanaompenda mtoto na wanaodhani wanamtendea wema.

Uoshaji wenyewe ni rahisi mno. Govi ambalo halijafunguka huoshwa kwa nje, kwa maji ya uvuguvugu, kama sehemu nyingine yoyote ya mwili, na basi. Hakuna haja ya kuingiza pamba, kidole, kitambaa wala maji ya bomba la sindano ndani yake, na dawa kali za kuua vijidudu zisikaribie kabisa sehemu hiyo. Siku mtoto atakapoweza kulirudisha mwenyewe, afundishwe kulirudisha taratibu hadi pale linapofika bila maumivu, asuuze kwa maji, akauke, kisha alirejeshe mbele kulifunika kichwa. Sehemu hiyo ya mwisho ya kulirejesha mbele nitaizungumzia tena hapa chini, kwa maana kuisahau kumewapeleka watu wengi chumba cha dharura. Mtu wa kulirudisha govi nyuma kwa mara ya kwanza ni mwenye mwili, si mzazi, si mwalimu wa chekechea, wala si daktari anayetaka tu kuhakikisha. Kumkagua mtoto hakuhitaji kuvuta. Daktari anaweza kulishika govi kwa wepesi, akalivuta kidogo kuelekea mbele na kuutazama mdomo wake, na hilo likamtosha kujua kama ngozi ni laini au ina kovu.

Kuna mambo matatu yanayowatia wazazi hofu, na mengi ya hayo huisha kwa maelezo tu. La kwanza ni govi kujaa na kutuna mtoto anapokojoa. Ikiwa mkojo unatoka vizuri, mtoto haumii na hajikamui, kutuna huko ni dalili tu kwamba ngozi imeanza kuachana na kichwa ilhali mdomo bado ni mwembamba, nako hupotea baada ya muda. La pili ni vivimbe vyeupe au vya manjano hafifu vinavyoonekana chini ya ngozi ya govi, ambavyo wengi hudhani ni usaha. Ni seli zilizokufa ambazo zimejikusanya katika nafasi inayofunguka, na siku moja hujitokea zenyewe. Hazikamuliwi na hazihitaji antibiotiki. La tatu ni wekundu kidogo kwenye ncha ya govi kwa mtoto anayevaa nepi, ambao mara nyingi husababishwa na unyevu wa mkojo au sabuni yenye manukato, na hutulia nepi ikibadilishwa mapema na sabuni ikiachwa. Tofauti na hayo, govi zima likivimba, likawa jekundu sana, likauma na kutoa usaha, hasa mtoto akiwa na homa au akishindwa kukojoa, hayo ni maambukizi na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nimeeleza kwa kirefu hali isiyo ugonjwa kwa sababu ndiyo ya wengi. Lakini sitaki mzazi yeyote aisome barua hii kisha ampuuze mtoto ambaye kweli anaumwa. Fimosisi ya ugonjwa ipo, na ina sura yake. Mdomo wa govi la mtoto mzima wa afya, hata ukiwa mwembamba, ni laini, una rangi ya kawaida ya ngozi, na ukivutwa kidogo sana ngozi ya ndani yenye rangi ya waridi huchungulia na kufunguka. Mdomo wenye kovu huwa mgumu, hautanuki, na mara nyingi huwa na duara jeupe linalong'aa. Mvulana au kijana ambaye govi lake lilikuwa likirudi vizuri kisha likaanza kukataa, huyo naye asisubiri, kwa sababu govi lililokwisha kufunguka halina sababu ya kawaida ya kujifunga tena. Dalili nyingine ni maumivu wakati wa kukojoa yasiyoisha, mkojo unaotoka kwa mkondo mwembamba au kwa matone, michaniko inayotoka damu mara kwa mara, na maambukizi yanayojirudia.

Chanzo kimojawapo kikubwa cha kovu hilo jeupe ni ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosasi. Hauambukizi, hauletwi na uchafu, na haukuletwa na tendo lolote ambalo mgonjwa au mzazi alilifanya. Ni uvimbe sugu wa ngozi, ambao huifanya ikakamae, ipauke na ipoteze uwezo wake wa kutanuka. Uzito wake ni kwamba hauishii kwenye govi. Unaweza kufika kwenye tundu la mkojo na kulibana, na hata kuingia ndani ya mrija wa mkojo. Kwa hiyo daktari akiushuku ugonjwa huu, mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu wa upasuaji wa watoto au wa njia ya mkojo bila kuchelewa. Kwa wavulana wenye ugonjwa huu kutahiri mara nyingi ndiyo tiba, kipande cha ngozi kilichokatwa kipelekwe maabara kuthibitishwa, na ufuatiliaji uendelee hata baada ya kidonda kupona.

Kwa wengine wote ambao govi limebana na linawasumbua, tiba ya kwanza leo si kisu. Ni krimu. Jambo hili halijulikani vya kutosha, na nimekutana na familia zilizokwisha kupangiwa upasuaji bila mtu yeyote kuzitajia kwamba krimu ipo. Daktari huandika krimu ya steroidi, kwa kawaida betamethasoni ya asilimia 0.05, inayopakwa mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki 4 hadi 8. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 na Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima ushahidi wa tafiti za tiba, yalionyesha kwamba wavulana waliopakwa krimu za aina hii walifunguka govi kwa wingi zaidi kuliko waliopakwa krimu isiyo na dawa, na hayakuonyesha madhara makubwa. Dawa hiyo hupunguza uvimbe wa ngozi, huifanya iwe nyembamba na laini zaidi, na hivyo kuiwezesha kutanuka.

Hata hivyo, krimu ikipakwa ovyo haifanyi kazi, na nimeona ikilaumiwa kwa makosa ambayo si yake. Inatakiwa kupakwa kwenye mdomo wa govi lenyewe, yaani kwenye lile duara linalobana, si kwenye shina la uume wala juu ya ngozi yote. Govi huvutwa nyuma kwa wepesi hadi pale linapoanza kukaza, kabla halijauma, krimu nyembamba hupakwa hapo kuzunguka mdomo, kisha govi hurejeshwa mbele. Baada ya wiki moja au mbili, ngozi inapoanza kulainika, huongezwa zoezi la kuitanua kwa upole kila siku, kwa mfano wakati wa kuoga maji ya uvuguvugu, na hapa pia mpaka ni ule ule: likiuma, acha. Mtu anaweza kuniuliza tofauti kati ya zoezi hili na ule uvutaji ninaoukataza iko wapi. Iko katika mambo mengi. Hapa kuna ugonjwa au usumbufu uliothibitishwa na daktari, kuna dawa inayoilainisha ngozi kwanza, mtoto ana umri wa kuelewa na kusema basi, na hakuna kinachochanwa. Mtoto wa miaka 3 asiye na tatizo lolote hahitaji krimu wala zoezi.

Wazazi wengine hushtuka wakisikia neno steroidi, wakikumbuka habari za watu walioharibika ngozi kwa kujipaka krimu kali usoni kwa miaka. Hofu yao naiheshimu, kwa kuwa madhara hayo ni ya kweli. Lakini kiasi kidogo kinachopakwa mahali padogo kwa wiki chache, chini ya uangalizi wa daktari, ni jambo tofauti kabisa na krimu inayonunuliwa bila ushauri na kupakwa mwili mzima bila kikomo. Kwa sababu hiyo hiyo nasisitiza kwamba nguvu ya dawa na muda wake viamuliwe na daktari, na kama kuna maambukizi yatibiwe kwanza. Wengine govi lao hubana tena baada ya miezi kadhaa, na daktari anaweza kuwarudishia dawa hiyo. Anayeendelea kulirudisha govi kila siku anapooga baada ya kumaliza krimu ana nafasi nzuri zaidi ya kubaki salama.

Upasuaji una mahali pake: kovu lisilosikia krimu, likeni sklerosasi, maambukizi yanayojirudia ya govi, au ya njia ya mkojo kwa mtoto mwenye kasoro ya figo au ya mirija yake. Si lazima kila mara uwe wa kuliondoa govi lote. Kuna upasuaji mdogo wa kuupanua mdomo wa govi, ambapo daktari hukata kidogo sehemu inayobana na kuishona kwa namna inayoifanya iwe pana, na govi likabaki. Haufai kwa kila mtu, lakini mgonjwa ana haki ya kuuliza kama unamfaa. Kutahiri kunakofanywa na mtaalamu, kwa ganzi na vifaa safi, ni upasuaji salama kwa kiasi kikubwa, ila ni upasuaji: kunaweza kuleta kutokwa na damu, maambukizi, na baadaye kubana kwa tundu la mkojo. Kabla ya kukata, mzazi aseme kama kuna mtu katika familia mwenye tatizo la damu kutoganda. Na mtoto ambaye tundu lake la mkojo liko upande wa chini wa uume badala ya kwenye ncha asitahiriwe kabla hajaonwa na daktari bingwa, kwa kuwa ngozi hiyo ya govi inaweza kuhitajika katika kumrekebisha.

Sasa nirudi kwenye lile la kurejesha govi mbele. Govi lililobana likirudishwa nyuma kwa nguvu, kisha likaachwa huko, lile duara jembamba hukaza shingo ya uume nyuma ya kichwa. Damu huingia lakini hairudi vizuri, kichwa huvimba, govi nalo huvimba, na kila dakika inayopita uvimbe hufanya urejeshaji uwe mgumu zaidi. Hali hii huitwa parafimosisi, na ni dharura. Damu ikikosa kabisa kufika kwenye kichwa cha uume, nyama yake inaweza kufa. Anayepatwa nayo aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Akiwa njiani anaweza kuubana uvimbe taratibu kwa kiganja na kuuwekea kitambaa chenye maji baridi, lakini asikate wala kuchoma kitu chochote mwenyewe. Hospitalini mara nyingi hutosha kuubana uvimbe kwa dakika kadhaa mpaka upungue, kutia ganzi, kisha kukisukuma kichwa kwa vidole gumba huku govi likivutwa mbele. Ikishindikana, daktari hukata kidogo duara linalobana.

Hapa nina neno kwa wenzangu wauguzi na matabibu. Parafimosisi nyingi hutokea mikononi mwetu. Mzee amelazwa, govi linarudishwa nyuma ili awekewe mpira wa mkojo, mpira unaingia, kila mtu anaendelea na kazi nyingine, na govi linasahauliwa nyuma. Mgonjwa huyo pengine hajitambui au hawezi kusema. Kabla ya kuondoka kitandani, govi lirejeshwe mbele, na atakayeingia zamu aangalie tena. Kwa mtoto mdogo anayewekewa mpira, govi lisilofunguka lisilazimishwe, kwa maana tundu la mkojo linaweza kupatikana bila kulirudisha lote.

Imebaki habari ya watu wazima, na hapa kikwazo kikubwa ni aibu. Nimewahi kuzungumza na wanaume waliooa, wenye watoto, ambao waliishi miaka mingi na govi lisilorudi, wakaumia katika tendo la ndoa, wakachanika na kupona na kuchanika tena, bila kumwambia mtu, hata mke. Wengine hukwepa unyumba na mke akadhani hapendwi. Kijana mwingine hudhani yeye ndiye pekee duniani. Wapo pia ambao govi lao halina shida yoyote, bali ule ukanda mdogo wa ngozi unaoliunganisha na kichwa kwa upande wa chini ni mfupi na huchanika. Hilo ni tatizo jingine lenye tiba yake ndogo, na daktari hulitambua kwa kutazama tu. Krimu niliyoieleza huwasaidia watu wazima wengi pia.

Mwanaume mtu mzima ambaye govi lake lilikuwa likirudi na sasa limeanza kubana, likiambatana na muwasho, wekundu au mipasuko midogo kwenye ncha, apimwe sukari. Kisukari kinaweza kujitambulisha kwa njia hii kabla ya dalili nyingine kuonekana, kwa sababu sukari inayotoka katika mkojo huwastawisha fangasi chini ya govi, nao huleta uvimbe, na uvimbe unaojirudia huleta kovu. Anayejijua kuwa na kisukari naye amweleze daktari wake, kwani baadhi ya dawa za kisukari hufanya kazi kwa kuitoa sukari kupitia mkojo na huongeza uwezekano wa fangasi hao. Kumpa mtu huyu krimu ya fangasi kila mwezi bila kupima sukari ni kumtibu nusu.

Na kuna saratani ya uume. Ni adimu, na sitaki mtu yeyote akose usingizi kwa sababu ya barua hii, lakini govi lililobana kwa miaka kwa mtu mzima ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari yake, pamoja na virusi vya HPV (vinavyoambukizwa kwa kujamiiana), likeni sklerosasi na uvutaji wa sigara. Tatizo ni kwamba chini ya govi lisilofunguka kidonda au uvimbe hauonekani. Mwanaume anayehisi kitu kigumu chini ya govi, anayetoka damu au majimaji yenye harufu mbaya, au mwenye kidonda kisichopona baada ya wiki chache, asijaribu krimu nyumbani. Aende aonwe, na ikilazimu govi lifunguliwe kwa upasuaji ili daktari akione kilichoko ndani.

Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wakuu wa kliniki za watoto: mama anapoelekezwa jinsi ya kumwogesha mtoto wa kiume, aambiwe waziwazi kwamba govi lisivutwe, na aelezwe dalili za kumrudisha mtoto hospitali. Ni maelezo ya dakika moja. La pili ni kwako. Ikiwa gazeti lako lina daktari anayejibu maswali ya wasomaji, apewe nafasi ya kuyajibu maswali ya wanaume kuhusu hali hii bila majina yao kuchapishwa, kwa kuwa wengi wataandika yale ambayo hawawezi kuyasema mbele ya mtu.

Wako katika utumishi,
Muuguzi mstaafu